Gari Lililopikwa

Kitu cha kwanza Nthoki alichokiona ni mswaki. Wanaume wa mtaa wa Umoja huchomeka kalamu kwenye mfuko wa shati ili waonekane watu wa ofisi, hata wale ambao hawajaandika kitu tangu walipotia sahihi kitambulisho. Huyu alikuwa amechomeka mswaki wa kijani, nywele zikitazama juu, umelika upande mmoja. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka ule mstari wa mbele ungeweza kukata nyanya, na kwa suruali hiyohiyo akapiga magoti kwenye matope ya soko la Mutindwa, mbele ya turubai la vitoi, bila hata kuangalia chini.

Huyu ni mwendawazimu wa Jumamosi, Nthoki akawaza. Wale wa siku nyingine huwa hawapigi pasi.

Aliwaza tu. Nthoki hakuwa mtu wa kusema. Aliacha shule darasa la sita, na tangu hapo alikuwa na haya ya kufungua mdomo mbele ya watu, kana kwamba kila mtu angehesabu madarasa yaliyobaki. Lakini ndani ya kichwa chake mlikuwa na mdomo mkali kuliko wa anti yake Ndunge, na anti Ndunge aliwahi kumtukana askari wa kanjo, wale wa jiji, mpaka akaomba maji ya kunywa.

Turubai lilikuwa la anti Ndunge. Alinunua marobota ya vitoi vya mitumba na kuyafungua Jumamosi asubuhi, akiwa amevaa wigi la rangi ya mahindi ya kuchoma. Walitoka wanasesere uchi, malori bila milango, na chini kabisa, kila mara, vitofali vya plastiki vya kuunganisha, vilivyochanganyika kama njugu na mchanga. Wanasesere na malori yalikuwa kazi ya Nthoki. Aliyatumbukiza kwenye maji moto yenye sabuni na dawa ya kung'arisha nguo mpaka ile harufu ya watoto wa ng'ambo ikatoka. Vitofali havikuoshwa na mtu. Viliuzwa kwa kikombe.

"Kastoma, kikombe ama ndoo?" anti Ndunge akauliza.

"Nachagua, mama."

"Hapa hatuchagui. Ni kama maharagwe. Unapimiwa na mawe yake."

"Maharagwe ya mawe siwezi kumpelekea mwanamke anayenipenda."

"Unaye?"

"Bado."

"Basi kula mawe."

Watu wakacheka. Yule kijana akacheka nao, na hilo likamuudhi Nthoki, kwa sababu mtu anayechekwa anapaswa kujua anachekwa. Aliokota gia ndogo ya kijivu, akaisugua kwa mswaki, akaipuliza, kisha akaliangalia jua kupitia tundu lake.

"Dada," akamwambia Nthoki, "hii ina ndugu yake humu?"

Nthoki akaonyesha kwa mguu upande wa pili wa rundo.

"Wewe huongei?"

"Huwa."

"Lini?"

"Nikiwa na neno."

Kijana akamtazama vizuri sasa. Aliona msichana mwembamba, leso ya bluu kichwani, vidole vimekunjamana kwa maji moto kama vya bibi. Macho yalikuwa yakimdharau waziwazi. Luseno, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jina lake, hakuwahi kudharauliwa kimyakimya hivyo. Kwao Kakamega mtu akikudharau anakuja mpaka mlangoni kukuambia.

"Ukiona kitu chochote kina meno," akasema, "niwekee. Nipigie."

"Sina kredo."

"Basi nitakupigia mimi. Nipe namba, na jina."

Eastlands, upande huu wa Nairobi, ina wanaume wa aina mbili. Kuna walio na gari, na hao hutawaona wakipiga magoti Mutindwa. Na kuna wale ambao gari lao liko gereji, limekuwa gereji tangu kampeni iliyopita, na wewe msichana ukingoja litoke utaota mvi. Luseno alikuwa wa aina ya tatu, ambayo Nthoki hakujua kama iko. Gari alikuwa nalo kweli. Lilikuwa chini ya kitanda, na lilikuwa la plastiki.

Alipiga simu jioni hiyohiyo.

"Halo, mrembo."

"Mm."

"Umeshindaje?"

"Mm."

"Nthoki, naongea na wewe ama na ng'ombe wa mtu?"

"Ng'ombe wa mtu angekata simu."

Akacheka mpaka Nthoki akalazimika kuweka simu mbali na sikio. Kwa wiki kadhaa waliongea hivyo. Yeye alitoa maneno, Nthoki akatoa chenji.

"Leo umeniwekea nini, mpenzi?"

"Kitu kina meno."

"Makubwa ama madogo?"

"Kama ya anti."

"Basi ni makubwa."

Vitu vya meno alivitia kwenye mkebe wa Blue Band na kuuficha nyuma ya ndoo. Akavidharau, akavificha. Anti Ndunge aliona, kwa sababu anti Ndunge huona hata mawazo.

"Mluhya wako atakuja leo?"

"Si wangu."

"Mwanaume mzima na toi. Mimi ningetaka mtoto ningezaa."

Nthoki alikubaliana naye kabisa, na akaendelea kuangalia njia.

Luseno aliendesha foklifti kwenye ghala la unga huko viwandani, na chumba chake kilikuwa mtaa wa Mowlem, ghorofa ya tatu, karibu na Khavere, mama wa mandazi, ambaye Luseno alimwachia ufunguo. Nthoki alianza kufika hapo Jumapili baada ya kanisa, akiwa bado na rinda lake la maua na viatu vya kubana. Mlango uliachwa wazi kabisa, ili Khavere aone kwamba hakuna kinachofanyika. Na kwa kweli hakikufanyika kitu. Khavere mwenyewe aliona haya kwa niaba yao. Vijana wawili wazuri, chumba kizima, na wamekaa sakafuni wakibishana juu ya springi.

Gari lilikuwa na urefu wa mkono mpaka kiwiko. Chasisi yake ilikuwa ya vipande virefu vyenye matundu, vilivyofungwa kwa vipini vidogo vinavyouma vidole. Mota ya kijivu ilikaa katikati, ikizungusha gia ndogo, gia ndogo ikizungusha kubwa, ili gari liwe polepole lakini na nguvu. Matairi mawili yalitoka kwa trekta la mtoto, mawili kwa kitu kisichojulikana. Mlango mmoja wa njano, mwingine wa waridi. Paa lilikuwa la nyumba ya mwanasesere, na bado lilikuwa na bomba la moshi. Kwa ujumla lilifanana na kibanda cha chapati kilichogongwa na lori.

"Unaonaje?" Luseno akauliza.

"Mm."

"Ni zuri, eeh?"

Nthoki akaangalia bomba la moshi. "Unalijengea nini?"

"Lipande."

"Lipande wapi?"

"Juu."

"Likifika?"

"Linashuka."

Hata mbuzi anafanya hivyo, Nthoki akawaza, na unaweza kumla.

Luseno akamweleza. Nyuma ya ukumbi wa Mowlem kulikuwa na kilima cha kokoto, kilichoachwa na mkandarasi aliyekimbia kazi. Kila mwaka wanaume fulani walileta magari ya vitofali hapo, wakayapandisha. Aliyeshindwa kuliko wote aliwabebea wenzake viti mwaka mzima, kila walipokutana. Luseno alikuwa amebeba viti mwaka jana, na mwaka juzi pia.

"Viti tu?"

"Na dharau, Nthoki. Viti ni vyepesi."

Hapo alimwelewa kidogo. Mambo ya dharau Nthoki aliyajua. Alikuwa nayo ya kutosha, ya kupewa na ya kutoa.

Vidole vyake vyembamba viliingia pale vya Luseno viliposhindwa, kwa hiyo kazi ya vipini ikawa yake. Alichukia jinsi ule mlio wa "tak", kitofali kinapokaa mahali pake, ulivyompendeza. Alirudi Umoja jioni akiwa na huo mlio masikioni, akijiambia kwamba ni upuuzi, na Jumapili inayofuata alikuwa wa kwanza kutoka kanisani.

"Baba yako anafanya nini?" Luseno akamuuliza siku moja.

"Anachonga."

"Nini?"

"Twiga. Wa kuuzia wazungu."

"Watu wazima wananunua twiga wa mbao."

"Mm."

"Na mimi ndio mnacheka."

Nthoki akainamisha kichwa ili tabasamu lisionekane. Luseno akaona kisogo tu, na leso ya bluu, na mkono mdogo ukibana springi ya njano bila kutetemeka. Akahisi kitu kikimpanda kifuani polepole lakini kwa nguvu, kama gia ndogo ikisukuma kubwa.

"Nthoki."

"Mm."

"Nije kwenu na mbuzi? Zile za ntheo, za kuchumbia. Niliuliza Wakamba wenzako kazini kwetu, wakaniambia bila hizo mbuzi binti hana mwenyewe. Nije?"

"Mm," Nthoki akasema.

Ndani ya Nthoki, ile mm ilikuwa kanisa zima na kwaya yake. Ilikuwa na vigelegele, na mama yake akija kutoka kijijini Wamunyu na rinda jipya. Lakini Luseno hakuwa ndani ya Nthoki. Alikuwa sakafuni, na alichosikia ni mm ileile aliyopewa alipouliza kama chai ina sukari. Akangoja neno jingine. Halikuja. Akaokota mswaki akaanza kusugua tairi lisilo na uchafu.

Wiki hiyo alimpeleka kuona kilima cha kokoto. Kwa mtu anayejiheshimu hapakuwa na la kuona. Palikuwa na wanaume wazima, wengine na vitambi, wamechuchumaa jua kali kama watoto wanaojisaidia. Mkubwa wao aliitwa Kimanzi, koti la ngozi kwenye joto la mwezi wa pili, miwani nyeusi ambayo hakuivua hata akitafuta kipini kilichoanguka. Gari lake lilikuwa jeusi lote, refu, limenyooka, kama jeneza la mtu mfupi. Alilipapasa kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye homa.

"Niaje, Luse," Kimanzi akasema. "Na huyu msupa ni nani?"

Luseno akamwangalia Nthoki. Nthoki akaangalia kokoto. Palikuwa na kimya kidogo, cha kutosha kusema jina.

"Huyu?" Luseno akasema. "Aah. Ni dada wa vitoi. Wa Mutindwa."

"Sawa, dada wa vitoi," Kimanzi akasema, na akarudi kwa jeneza lake.

Nthoki alisimama hapo mpaka ikafika saa ya kuondoka kwa adabu. Hakulia, kwa sababu kulia mbele ya watu kama hao ni kuwapa kitu bure. Usiku huo wala mchana uliofuata hakupokea simu. Alitumbukiza wanasesere kwenye maji moto kwa nguvu mpaka mmoja akang'oka kichwa.

Kuna jambo moja tu ambalo Nthoki alitaka duniani. Hakuwa anataka nyumba ya ghorofa wala harusi ya magari ya kukodi. Alitaka mtu mmoja amtaje mbele ya watu kwa jina lake, kama mtu wake, bila kuangalia pembeni. Anti alimwita "huyu msichana." Wateja walimwita "wewe." Alidhani Luseno angekuwa tofauti, na Luseno alipopewa nafasi akamtaja kwa bidhaa.

Siku ya tatu alipokea, kwa kuwa simu ililia mpaka anti Ndunge akatishia kuiuza.

"Nthoki, nimekosa nini?"

Nthoki akamsugua mwanasesere mgongo.

"Ni ile ya dada wa vitoi?"

Akaacha kumsugua.

"Sasa nilipaswa kukuita nani?" Sauti ya Luseno ilikuwa imechoka. Nyuma yake foklifti ililia pii, pii, ikirudi nyuma. "Nilikuuliza nije na mbuzi. Ukasema mm. Hiyo mm ni ndiyo ama ni kikohozi? Mimi nikimwambia Kimanzi huyu ni mchumba wangu, halafu wewe useme mbele yake nani kakuambia, nitaficha uso wapi? Mimi nina viti vya kubeba tayari."

Nthoki alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, limesimama mlangoni, limevaa viatu. Halikutoka.

"Basi," Luseno akasema. "Jumapili ni mashindano. Ukitaka kuja, njoo. Lala salama, mpenzi."

Ilikuwa mchana.

Sasa, watu wa kwao Nthoki wana jambo lao ambalo hawalitangazi, kwa sababu wanadhani kila mtu analijua. Katika banda la wachongaji kule Majengo, Pumwani, mwanamume huchonga, lakini hamalizi. Mwanamke ndiye humaliza. Huchukua twiga au kifaru, humpiga msasa, humwosha vumbi, humpaka rangi ya viatu mpaka ang'ae. Kijana asiye na mke humalizia kazi kwa mama yake, au huiuza ikiwa bado inakwaruza. Na siku msichana akija, akaichukua kazi yake mezani bila kutumwa, akaimaliza, banda zima huacha kugonga patasi kwa muda kidogo. Hakuna anayeuliza kitu. Mama yake Nthoki alimwambia baba yake ndiyo kwa njia hiyo, kwa kifaru mmoja mwenye pembe iliyopinda.

Nthoki hakuwa na neno, lakini mikono alikuwa nayo.

Jumamosi, Luseno akiwa ghalani, alichukua ufunguo kwa Khavere, akalivuta gari kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa na vumbi la majaribio na matope kwenye magurudumu. Akawasha jiko, akachemsha maji, akatia sabuni na ile dawa, vilevile alivyoosha vitoi vyote vilivyowahi kupita mikononi mwake. Hakuwa mjinga. Alitoa kisanduku cha betri akakifuta kwa kitambaa chenye unyevu, mpaka kwenye swichi. Mota aliiacha, kwa sababu ilikuwa ya kijivu na imefungwa pande zote, na kwake ilikuwa kitofali kama vitofali vingine. Kisha akalizamisha gari zima kwa taratibu, kama mtu anayebatiza mtoto, na akaimba kidogo, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumsikia akifanya.

Lilipotoka lilikuwa safi sana. Paa lilikuwa limelegea kama kofia ya mlevi, bomba la moshi limeinama. Mikono ya springi ilikuwa imepinda, na gari zima lilisimama kiwetewete. Lilikuwa limeiva.

Bado alikuwa anajaribu kunyoosha paa kwa kijiko Luseno alipoingia, nywele zimejaa unga.

"Hii ni nini?"

Nthoki akaweka kijiko chini.

"Umeliosha?"

"Mm."

"Na maji gani?"

"Ya moto."

Luseno akachomoa mswaki mfukoni, akaunyanyua mbele ya uso wake. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tangu siku ya kwanza unaona huu mswaki. Ulifikiri ni wa meno yangu?"

Ndivyo hasa Nthoki alivyofikiri.

"Unalipiza. Nilikuita dada wa vitoi, ukasema ngoja, nitamwonyesha. Wewe hunisemeshi, unanidharau tu. Unafikiri sioni? Unaniangalia kama kitu kilichotoka kwenye robota."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa neno. Hata Khavere, aliyekuwa mlangoni akijifanya anapepeta unga, alilingoja. Nthoki akasikia haya ikimpanda mpaka masikioni, na haya ikifika masikioni huwa inageuka kiburi.

"Si ni vitoi tu," akasema.

Akachukua leso yake akatoka. Luseno akabaki ameshika mswaki kama mtu aliyepewa mshumaa na stima imerudi.

Hakwenda Umoja. Alikwenda Majengo, kwa baba yake. Mzee Nzau alikuwa akifagia vipande vya mbao, akikusanya twiga wake kwenye gunia huku amekereka, kwa sababu hakuwahi kumpenda twiga hata siku moja. Alisema ni mnyama aliyechongwa na mtu asiyejua kuacha.

Nthoki akamweleza. Ilichukua muda. Mzee Nzau alisikiliza mpaka mwisho, akatema kipande cha mbao alichokuwa akitafuna.

"Ulimwambia kwamba kwetu mwanamke ndiye anamaliza?"

"Hapana."

"Huyo kijana ni wa wapi?"

"Kakamega."

"Kakamega wanachonga?"

"Sijui."

"Basi angejuaje? Aliota?"

Nthoki akaokota kipande cha mbao sakafuni.

"Mama yako alikuja akamsugua kifaru mbele ya watu wanaojua maana yake. Wewe umepika gari la Mluhya ndani ya chumba chake akiwa hayupo, halafu unakasirika kwa sababu hajakuelewa." Akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akaukaza. "Nimeona bubu. Bubu wa kweli ana ishara, anapiga kelele, anakuvuta shati. Wewe una ulimi mzima na unautunza kama sahani za wageni."

"Anacheza na vitoi, Baba."

"Na wewe umekula nini maisha yako yote? Umekula twiga." Akampa ufagio. "Fagia. Kesho uende huko kwa kokoto. Na usiende na mm."

Jumapili watu walikuwa wengi nyuma ya ukumbi wa Mowlem, kwa sababu kokoto ni bure na Jumapili mchana haina kazi. Nthoki alisimama nyuma yao na rinda lake la maua. Kimanzi alikuwa amelipaka jeneza lake mafuta ya nazi. Lilipanda kilima bila shida, likashuka, na watu wakapiga makofi ya heshima, yale ya kumpigia askofu.

Kisha Luseno akaja na gari lake.

Kicheko kilianza mbele na kwenda nyuma. Paa lilikuwa limelegea vilevile. Mota ilikuwa imekauka usiku kucha juu ya mfuko wa unga na ikakubali kuzunguka, lakini swichi ilikuwa imekwama upande mmoja, kwa hiyo gari lilijua kurudi nyuma tu. Luseno alilichuchumalia, suruali imepigwa pasi, na akaligeuza matako yatazame kilima.

"Luse," Kimanzi akasema, akivua miwani kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa huo. "Hili gari nani amelipika?"

Watu wakacheka.

"Si ni yule wako wa vitoi? Kokoto yote inajua. Maze, mwambie na wewe mwenyewe akuchemshe kidogo, unga ukutoke."

Luseno hakuinua kichwa. Hakuwa mtu wa hotuba, na usingizi hakuupata. Alikuwa na hasira na Nthoki, na paa, na Kakamega nzima. Lakini palikuwa na kitu kingine alichokichukia zaidi, nacho kilikuwa sauti ya Kimanzi ikisema "wa vitoi," kwa kuwa ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Amelipika mke wangu," akasema kwa ubaya. "Nthoki ndilo jina lake. Wako anakupikia nini, Kimanzi, zaidi ya sukuma ya jana?"

Akawasha gari.

Lilipanda kinyumenyume, kiwetewete, bomba la moshi likiinamia watu kama linasalimia. Lilifika katikati, likapita. Watu wakaacha kucheka, si kwa heshima, ila kwa kushangaa kitu kibaya hivyo kinaendaje. Karibu na kilele mkono wa springi uliopinda ukasalimu amri. Gari likapinduka, likabiringika mpaka chini, na gurudumu moja la trekta likajitenga na kupita katikati ya miguu ya watu mpaka likagonga kiatu cha Nthoki.

Akaliokota. Watu wakageuka kumwangalia, na haya ikaanza kumpanda kama kawaida yake. Akatembea nayo hivyohivyo, imemfika shingoni, mpaka mbele.

"Dada wa vitoi," Kimanzi akaanza.

"Hujamsikia?" Nthoki akasema. "Nthoki."

Kimanzi akarudisha miwani yake.

Luseno alikuwa bado amechuchumaa, mabaki ya gari magotini. Nthoki akamkabidhi gurudumu. Kwa karibu, uso wa Luseno ulikuwa wa mtu aliyelala na mota.

"Umekuja kucheka," Luseno akasema.

"Gari lako ni baya."

Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Lilikuwa baya kabla ya maji," Nthoki akaendelea. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikusimama. "Lile bomba la moshi ni baya. Mlango wa waridi ni mbaya. Nimeliona baya tangu siku ya kwanza, na nikakuwekea meno kila Jumamosi. Kwetu mwanamume hamalizi kazi. Mwanamke akiichukua akaimaliza bila kutumwa, amemjibu huyo mwanamume. Mimi nilikuwa namaliza. Nilifikiri unajua."

Luseno akaliangalia paa. Akaangalia vile vidole vilivyokunjamana kwa maji moto.

"Ulikuwa unanijibu," akasema polepole.

"Mm."

"Nthoki. Usinianzie hiyo tena."

Kando yao wenzake walikuwa wameanza kukunja viti na kuvipanga kimoja juu ya kingine, tayari kwa mbebaji wa mwaka huu. Nthoki akachomoa ule mswaki wa kijani kwenye mfuko wa shati la Luseno, akatoa kokoto ndogo iliyokwama kwenye tairi, akaurudisha mfukoni, nywele zikitazama chini kama inavyopaswa. Kisha akamwangalia usoni, mbele ya Kimanzi na kila mtu aliyekuwa hapo.

"Ile mm ilikuwa ndiyo, Luseno," akasema. "Leta mbuzi."